Beseni Kando ya Mto

Sura ya Saba

Mwalimu Hilary alinawa uso, akanawa shingo, kisha akalibinua beseni nje ya dirisha la mahabusu. Maji yote yakaishia mchangani.

"Ala!" Konstebo Sadallah aliruka kana kwamba amemwagiwa yeye. "Mwalimu! Maji hayo!"

"Yalikuwa machafu, Konstebo."

"Machafu kwa uso. Kwa miguu yalikuwa bado mazuri. Baada ya miguu kuna sakafu, na baada ya sakafu kuna mche wa mpapai kule nyuma ya jiko. Kwani wewe umezaliwa wapi?"

"Ukerewe."

"Basi ndiyo maana. Huko mnazaliwa mmekwisha kulowa."

Inspekta Felician, mpelelezi wa kituo cha polisi cha Newala, aliingia na kigoda chake mwenyewe, akakiweka karibu na mlango, akaketi. Yeye naye alikuwa mtu wa ziwani, wa Bukoba. Mwaka wake wa kwanza Newala, juu ya uwanda ule wenye shida ya maji, alimwaga maji ya kuoshea vyombo mbele ya jirani yake, na yule mama hakumwamkia mwezi mzima. Tangu hapo alikuwa akiyatazama maji kama wenyeji wanavyoyatazama.

"Nisomee tena maelezo yako, Mwalimu. Si kwa karatasi. Kwa kinywa."

"Nimekwisha kuyasema, Afande. Alhamisi usiku nilikuwa kambini kwangu, mtoni Ruvuma. Niliwasha moto, ukawaka hadi alfajiri."

"Kwa nini uliuwasha?"

"Baridi."

"Mwezi wa Septemba? Bondeni?"

"Nilikuwa napika."

"Usiku kucha?"

Mwalimu alikuwa akijikuna mkono wa kushoto, kisha wa kulia, kisha mgongo, akijisugua ukutani kama ng'ombe. Macho yake yalikuwa na rangi ya njano. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye miaka kama arobaini, asiye na mke wala mtoto, aliyefundisha elimu ya viumbe katika shule moja ya Masasi. Kila likizo alipanda lori akiwa na furushi la hema, akateremka kwenye mchanga wa Ruvuma kwenda kutazama viboko.

Shauri lenyewe lilikuwa fupi. Ijumaa alfajiri ndege za Wareno zilitokea upande wa Msumbiji, zikaupiga mtumbwi mmoja uliokuwa peke yake katikati ya mto. Aliyekuwamo ni Dastani, mvushaji aliyekuwa akiwapeleka wapigania uhuru ng'ambo na kurudi. Mwili wake haukupatikana. Siku hiyo hiyo Ndugu Nicholaus, aliyeletwa wilayani kusimamia ulinzi wa mpaka, alitoa taarifa kwamba usiku kucha aliuona moto ukiwaka kambini kwa mwalimu, na kwamba moto huo ulikuwa ishara kwa adui. Mgambo walikwenda, wakamkuta mwalimu mbele ya hema lake, darubini shingoni. Hakubisha. Alisema moto ni wake.

Kesho asubuhi gari la Mtwara lingekuja kumchukua. Mwaka ule wa sabini na moja, mtu aliyeondoka na gari lile kwa shauri la namna ile hakuulizwa atarudi lini.

"Unajikuna sana, Mwalimu," alisema Inspekta.

"Mbu wa mahabusu yako."

"Mbu hawawashi nyayo. Klorokwini ya malaria ndiyo inayowasha nyayo. Ulichomwa sindano." Inspekta alisimama. "Jana nilimtuma mtu zahanati ya Lulindi. Muuguzi Paskalia anakukumbuka. Anasema Alhamisi usiku ulikuwa kitandani, unatetemeka, unazungumza na viboko. Ijumaa ndipo ukaondoka na lori la asubuhi, ingawa alikukataza. Ulifika mtoni wakati ndege zimekwisha kupita."

Mwalimu aliacha kujikuna.

"Muuguzi amechanganya siku," alisema.

"Nani alikuwa katika hema lako?"

"Hakuna. Andika kwamba ni mimi, Afande. Mimi sina anayenisubiri popote. Andika, tupumzike."

Nje, katika chumba cha mashauri, Ndugu Nicholaus alikuwa akimngoja Inspekta. Alivaa suti ya Chou En-lai iliyopigwa pasi vizuri. Sadallah alimletea glasi ya maji kwa heshima. Alikunywa nusu, akavuta sigara yake hadi mwisho, kisha akakidumbukiza kipande katika nusu iliyobaki. Kikalia *tss*. Sadallah aliitazama ile glasi.

"Ndugu Inspekta, unachelewesha. Mtu amekiri, unatafuta nini tena?"

"Natafuta moto wenyewe, Ndugu. Je, wewe ulipata kuteremka hadi pale kambini?"

"Sina haja ya kuteremka. Nikisimama ukingoni, pale Shimo la Mungu, bonde lote naliona kama kiganja changu. Niliuona moto tangu jua kuzama hadi kunakucha."

"Usiku kucha hukulala?"

"Nilikuwa kazini."

"Ahsante," alisema Inspekta Felician, akaichukua kofia yake. "Konstebo, weka kuni chache ndani ya Landrova. Tunateremka."

Barabara ya kushuka kutoka Newala ilijipinda ukingoni mwa uwanda, ikaacha mikorosho juu, ikaingia katika joto la bondeni. Hapakuwa na watu. Vijiji vya kando ya mto vilikuwa vimehamishwa msimu uliopita, wakazi wakapelekwa juu katika vijiji vya ujamaa, mbali na mizinga na ndege. Zilibaki kuta zisizo na paa, vinu vilivyopasuka, na mashamba ya muhogo yaliyochimbwa na nguruwe. Landrova ilipita katikati ya nyumba hizo bila hata kubwekewa na mbwa.

Hema la mwalimu lilikuwa peke yake kwenye ufuko mpana wa mchanga mweupe. Lilishonwa kwa kitambaa cha marekani kilichopakwa nta, na viraka vyake vilitoka kwenye magunia ya unga. Pembeni, juu ya mti, palikuwa na kibao kilichoandikwa kwa mkaa, herufi za mwalimu, kila moja mahali pake: KARIBUNI WAGENI. MALAZI BURE. NJOO NA UNGA WAKO. USIWAKARIBIE VIBOKO.

"Wamekuja wangapi?" aliuliza Inspekta.

"Wageni? Mahali hapa, wakati huu?" Sadallah alicheka kidogo. "Nilimsikia akitangaza sokoni mwaka jana, Afande. Anasema mbuga za kaskazini ni za wenye magari, lakini mchanga wa Ruvuma ni wa kila mtu mwenye miguu. Watu walimcheka hadi wakamhurumia."

Kwenye maji ya kina, viboko walitoa masikio na pua, wakapumua kwa kishindo, wakazama tena. Ukuta wa udongo wa ng'ambo ulikuwa umejaa matundu ya keremkerem; ndege wale wekundu waliingia na kutoka bila kupumzika. Mchangani, usiku uliopita, tembo walipita kwenda kunywa maji, wakalizunguka hema wasiguse hata kamba. Inspekta alisimama akisikiliza. Ilikuwa vigumu kuamini kwamba kulikuwa na vita.

Alianza kazi kwa mpango wake wa kawaida: kuzunguka kwanza kwa nje, bila kugusa, kisha kwa ndani.

Ndani ya hema palikuwa na mkeka, blanketi lililokunjwa, sufuria, na mkebe wa chumvi. Nyuma yake palikuwa na maganda ya ming'oko, viazi vile vya porini ambavyo mtu wa Ukerewe asingejua aanze kuvichimba wapi. Kando ya maganda palikuwa na beseni la bati, limefunikwa kwa ungo, na juu ya ungo limewekwa jiwe. Inspekta aliuondoa ungo. Ndani mlikuwa na maji ya kijivu, yenye utando wa sabuni.

Aliyatazama kwa muda. Kisha akautazama mto, uliokuwa ukipita karibu kiasi cha kurusha jiwe kwa mkono dhaifu.

"Konstebo. Nani angeweza kuyatunza maji haya mahali hapa?"

Sadallah alitazama ndani ya beseni. "Kwani yana nini, Afande? Ni mazuri tu haya."

"Hilo ndilo jibu nililolitaka."

Jiko lilikuwa limechimbwa mbali kidogo na hema, chini ya gema, ule mwinuko mkali wa kando ya mto, penye mkuyu ulioanguka. Halikuwa jiko la kupikia tu. Lilikuwa shimo lenye kina cha mkono, limezungushiwa uzio wa matete pande tatu, na juu limetandazwa matete mabichi yenye udongo. Upande wa nne, ulioelekea majini, ndio peke yake uliokuwa wazi. Inspekta alipiga magoti, akatia mkono ndani. Majivu hayakuwa laini. Yalikuwa yameshikana kama tope lililokauka, na magogo yalikuwa yameungua nusu tu.

"Wewe unazimaje moto, Konstebo?"

"Kwa mchanga, Afande. Kuna namna nyingine?"

"Na huu?"

Sadallah aliyamega majivu kwa kidole. Uso ulimkunjamana kama wa mtu anayeonyeshwa uchafu. "Huu umemwagiwa maji. Ndoo nzima. Na mchanga huu wote ulikuwa hapa!"

"Sasa tufikiri pamoja. Aliyekaa hapa alifunika maji ya kunawia na kuyawekea jiwe, huku mto uko mbele yake. Huyo ni mtu wa kwenu, wa juu. Mkono wake umezoea. Mtu huyo hawezi kuchukua ndoo ya maji safi akaimwaga juu ya kuni zinazofaa kwa kesho. Kwa hiyo moto huu ulizimwa na mtu mwingine. Mgeni kama mimi."

"Mwalimu ni mgeni."

"Mwalimu alikuwa Lulindi, anatetemeka. Tena magogo yameungua nusu. Moto huu haukuwaka hadi alfajiri. Haukufika hata usiku wa manane."

Inspekta aligeuka, akaketi mahali palipokuwa na moto, akainua macho. Alitafuta ukingo wa uwanda, ule unaoitwa Shimo la Mungu. Aliona matete. Akayaondoa matete, akaona gema. Juu ya gema palikuwa na shina la mkuyu, kisha mbingu. Ukingo haukuonekana hata kidogo.

Alitoa kipande cha chaki, akaandika namba ya kielelezo juu ya beseni.

Walipanda gema kwenda kwenye kijiji kilichohamwa. Miti ya matunda ya nyuani ilikuwa imekauka tangu wenyewe waondoke, migomba imelala chini, mipapai imebaki fito. Nyua zote zilikuwa hivyo, isipokuwa mmoja. Hapo mpapai ulikuwa wima, una matunda mabichi, ingawa majani yake yalikuwa yameanza kuinama. Chini yake udongo ulikuwa na duara la kijivu. Inspekta aliusugua udongo ule kwa vidole, akaunusa. Sabuni.

"Nyumba hii ilikuwa ya nani?"

Sadallah alikwisha vua kofia. "Ya marehemu Dastani, Afande. Huyu mvushaji. Mkewe anaitwa Justa, Mama Ethel. Wamehamishiwa juu, upande wa Mnyambe."

Kijiji kipya cha upande wa Mnyambe kilipangwa kwa mistari iliyonyooka, nyumba kama nyumba, mlango ukitazama mlango. Adhuhuri ile wengi walikuwa katika shamba la pamoja. Justa aliketi peke yake juu ya mkeka, nyuma ya nyumba ya mwisho, kaniki imemfunika hadi kichwani. Msiba usio na kaburi haukuwa umekusanya watu wengi, na waliokuja walikwisha kurudi kazini.

"Hodi, Mama Ethel."

"Karibuni. Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Pole kwa msiba."

"Nimekwisha kupoa."

Sadallah alimsalimia kwa Kimakonde, wakaulizana habari za watu wa nyumbani, habari za mtoto, habari za muhogo. Inspekta aliwaacha wamalize. Baada ya hapo alimwuliza alikuwa wapi Alhamisi usiku.

"Hapa. Nimelala."

"Nani anaweza kulithibitisha hilo?"

"Mtoto. Naye alikuwa amelala."

Sauti yake haikuwa na kitu ndani. Alilijibu swali kama aliyefundishwa jibu lake. Inspekta alisema, akitazama pembeni:

"Mpapai wako, Mama Ethel, haujapata maji tangu Alhamisi."

Justa aliinua kichwa. Kaniki ikaanguka begani.

"Umeuona?"

"Majani yameanza kuinama. Na beseni liko vilevile ulivyoliacha, na jiwe lake. Ulikusudia kurudi asubuhi kuumwagilia."

Alipoanza kuzungumza alimtazama Sadallah, si Inspekta.

"Mto ule hauna njia moja. Kila msimu unahamisha mchanga wake. Mtu akitoka ng'ambo usiku, asipoonyeshwa mlango, atapanda fungu la mchanga, atakwama, atazunguka. Dastani aliniambia, mke wangu, ukikaa pale chini ya mkuyu na moto, mimi nitauona kutoka majini peke yangu, wala hautaonekana kutoka juu. Alilichimba shimo mwenyewe. Wale aliowavusha walijua. Wakubwa wao walijua. Tulipohamishwa huku, ningemngojea wapi? Kutoka hapa hadi mtoni ni safari ya kutwa. Mwalimu akasema, Mama Ethel, hema ni la wageni, na mgeni hajaja hata mmoja; basi wewe ndiye wa kwanza." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likamtoka. "Alinifundisha na majina ya ndege. Nilimwambia, Mwalimu, hawa ndege tunawala. Akanuna siku nzima."

"Na Alhamisi?"

"Jua lilikuwa limezama. Moto umeshika vizuri. Likaja gari. Yule bwana wa suti, na dereva wake. Akasema, amri ni kwamba hakuna moto kando ya mto. Nikamwambia mume wangu yuko majini. Akasema amri ni amri. Nikampigia magoti, Afande. Akachota ndoo mtoni, akamwaga." Alikionyesha kitendo kwa mikono yote miwili. "Akanipakia, akanileta hapa. Asubuhi, ndege zilipokwisha kupita, akarudi. Akasema, ukisema ulikuwa kule utaulizwa mumeo alikuwa akipeleka habari kwa nani, na mtoto wako utamwachia nani."

"Ulizisikia ndege?"

"Nilikuwa nje. Sikulala hata kidogo." Sasa sauti ilianza kumkatika. "Kwa kawaida alifika kabla ya jogoo wa kwanza. Usiku ule alizunguka, alizunguka, anatafuta mlango, hadi kukapambazuka, hadi wakamwona. Alikufa akidhani nimelala, Afande. Hilo ndilo. Mengine ni ya Mungu. Lakini alikufa akidhani mkewe amelala."

Sadallah aliyatazama mafundo ya viatu vyake.

"Kuna jambo la pili," alisema Inspekta. "Mwalimu Hilary amekiri kwamba moto aliuwasha yeye. Kesho wanamchukua."

"Mwalimu? Mwalimu alikuwa mgonjwa! Mimi mwenyewe nilimsindikiza hadi kwenye lori."

"Anadhani moto wako ndio ulioziita ndege. Hataki ulisikie hilo kutoka kwa mtu yeyote."

Justa aliyafikiri maneno hayo polepole, kama mtu anayepima mzigo kabla ya kuuinua.

"Kumbe kuna mtu aliyenifikiria," alisema. Akaipandisha kaniki begani, akaketi wima. "Andika, Afande. Nitatia sahihi kwa jina langu lote. Nilisoma Lulindi mimi, sitii dole gumba."

Jua lilikuwa likielekea kuzama Inspekta alipomkaribisha Ndugu Nicholaus ukingoni, pale Shimo la Mungu. Ardhi ilikatika ghafla mbele ya miguu yao, na chini bonde lote lilianza kuingia kivuli, mto ukibaki mstari mwembamba wa fedha. Upepo ulivuma kutoka Msumbiji. Inspekta alimpa darubini ya mwalimu, yenye kibandiko cha kielelezo.

"Nataka nikamilishe jalada kabla gari halijaja," alisema. "Leo nimemteremsha Konstebo Sadallah mtoni, na kuni ndani ya Landrova. Jiko lile lile, shimo lile lile. Kama moto ule ulionekana kutoka hapa Alhamisi, utaonekana na leo. Ukiuona nitatia saini, nisiwe na la kusema tena."

"Hatimaye!" Nicholaus aliiweka darubini machoni, akaizungusha kulia na kushoto, akaituliza. Alikaa hivyo muda wa kutosha mtu kusoma sala fupi. "Naam. Ule pale. Chini ya mkuyu ulioanguka."

"Unauona?"

"Vizuri kabisa. Kama ule ule wa Alhamisi."

"Konstebo Sadallah!"

"Naam, Afande."

Sadallah alitokea nyuma ya Landrova, mzigo wa kuni kavu kifuani, haujaguswa na kiberiti. Aliuweka chini mbele ya viatu vya Ndugu Nicholaus, akapiga saluti.

"Kuni zilishuka na zikapanda tena," alisema Inspekta Felician. "Bondeni hakuna moto. Na hata ungekuwapo, usingeuona, kwa kuwa gema linauficha. Nimeketi ndani ya shimo lile mimi mwenyewe. Ni watu wa namna mbili tu wanaojua kwamba kuna jiko chini ya mkuyu ulioanguka: aliyeuwasha moto, na aliyeumwagia maji."

Nicholaus aliishusha darubini. "Amri ilikuwa hakuna moto kando ya mto."

"Ndiyo. Kwa kuuzima nisingekuandikia neno moja."

"Sikuambiwa habari za mvushaji! Nani aliniambia? Hakuna aliyeniambia!"

"Mkewe alikuambia. Kwa magoti."

Upepo ulipita kati yao. Nicholaus alipozungumza tena, sauti ilikuwa ya mtu mdogo kuliko suti yake. "Ijumaa asubuhi watu wa ng'ambo wangeuliza nani aliuzima ule moto. Nilihitaji moto uliowaka, Ndugu Inspekta. Na yule mwalimu hana mtu."

"Hilo nalo nitaliandika," alisema Inspekta, "kama ulivyolisema."

Gari la Mtwara lilifika asubuhi, likaondoka na abiria ambaye halikumtarajia, na jalada nene kidogo kuliko lililotazamiwa. Mwalimu Hilary alifunguliwa mlango wa mahabusu, akasimama kizingitini asitoke.

"Nani atamwambia Mama Ethel?" aliuliza.

"Yeye ndiye aliyeniambia mimi," alisema Inspekta. Akamweleza yote kwa maneno machache, kwa kuwa hakuwa na mengine. Mwalimu alisikiliza, ameshika ukuta.

"Kwa hiyo moto haukumwua."

"Moto ndio uliokuwa ukimrudisha."

Mwalimu alikiomba kigoda, akaketi, akafunika uso kwa mikono. Sadallah alimwekea beseni la maji karibu. Alinawa. Kisha akabaki amelishika beseni mkononi, akitazama huku na huko ndani ya chumba kama mtu aliyepotea njia, hadi Sadallah alipolipokea na kulipeleka kwenye mche ulio nyuma ya jiko.

Alasiri Inspekta aliwateremsha wote wawili mtoni. Mwalimu alikuwa na hema la kufungasha, Justa alikuwa na mpapai wa kumwagilia. Justa alilibeba beseni juu ya gema bila kumwaga tone, akayamimina yale maji ya kijivu shinani polepole, akaligeuza beseni na kuliegemeza. Kisha akarudi kwa Inspekta.

"Afande, nina ombi. Usiku mmoja tu."

Inspekta alizitazama kuni zilizobaki nyuma ya Landrova. Aliitazama mbingu, akautazama mto.

"Mimi sheria naijua, Mama Ethel. Sijakusikia."

Alimwamuru Sadallah azishushe kuni, kwa kuwa zilikuwa zinapiga kelele garini. Mwalimu hakulifungasha hema. Aliketi mbali na mkuyu, kando ya kibao chake, akimpa mgongo Justa ili awe peke yake.

Landrova ilipanda polepole. Ilipofika ukingoni giza lilikuwa limekwisha kulijaza bonde. Inspekta alisimamisha gari pale Shimo la Mungu, akashuka, akasimama na mikono nyuma. Mbali sana kiboko alikoroma, kisha kukawa kimya.

"Konstebo. Unaona moto wowote kule chini?"

Sadallah alisogea hadi mwisho wa ardhi, akainama, akakinga macho kwa mkono kama mtu mwenye kazi ya kufanya.

"Hapana, Afande. Kutoka hapa hauonekani."

"Tazama vizuri."

"Nimetazama vizuri, Afande. Giza tupu."

"Vema," alisema Inspekta Felician, akaingia garini.